Mkwe Aliyekunywa Maziwa Asirudi

Tulimzika shangazi Minza siku ya Jumamosi, na jioni yake wanawake wakakaa mikekani nyuma ya nyumba, kule Kishapu, wakichagua mchele wa kesho na kumsema marehemu. Matanga ndivyo yalivyo, mtu akishafukiwa ndipo anapoanza kusemwa vizuri. Mama Masanja, jirani yake wa tangu zamani, ambaye meno yamemwisha lakini maneno bado anayo yote, akasema, "Mwenzetu huyu alikuwa na mkwe mmoja tu aliyempenda kwa moyo. Yule wa viatu vyeusi. Alikunywa maziwa kibuyu kizima, akashukuru, akaondoka, mpaka leo!" Wanawake wakacheka, wengine huku wanafuta machozi ya asubuhi. Mimi nikainuka, nikasema naenda kuangalia moto. Moto ulikuwa unawaka vizuri tu. Nilisimama jikoni nikitazama sufuria ya maharage, mwanamke wa miaka sabini na ushei, mstaafu wa serikali mwenye wajukuu, na hasira kana kwamba ni ya jana. Binti aliyekuja kuuliziwa siku ile ni mimi, na mtu wa viatu vyeusi hakuwa mkwe wa mtu yeyote.

Mwaka ule, katikati ya miaka ya sabini, nilikuwa mpiga chapa katika idara moja ya serikali iliyoshughulika na madini, pale Shinyanga mjini. Tulikuwa wapiga chapa wanne ndani ya chumba chenye dirisha moja. Dirisha lilitazama barabara ya vumbi na duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi, na kila adhuhuri harufu ya bizari kutoka nyuma ya duka lile ilivuka barabara ikatukuta na viazi vyetu vya kuchemsha. Mwisho wa korido kulikuwa na masjala ya siri. Majalada ya kawaida yalikaa kwenye masjala ya wazi, mtu yeyote mwenye shida aliingia akaomba lake. Ya siri ilikuwa na mlango wa mbao, na nyuma yake mlango wa pili wa nondo, na nyuma yake Mzee Simbeye, mtu wa Mbeya, mfupi, mwenye vidole vilivyopakaa lakiri nyekundu ya kufungia bahasha. Sisi wapiga chapa tulifika kwenye mlango wa mbao tu. Tulibisha, mkono ukatoka, ukachukua karatasi, mlango ukafungwa. Nilikaa miaka miwili nikiukabidhi karatasi mkono ule, na kila mara nilirudi kwenye mashine yangu nikijiuliza kuna nini huko ndani ambacho mimi sistahili kukiona, wakati nusu yake nimekipiga chapa mwenyewe.

Ndipo ikasemekana idara inafungua ofisi ndogo Nyarugusu, kwenye dhahabu, na ofisi ile itahitaji mtu wake wa masjala ya siri. Mzee Simbeye aliniita kwenye mlango wake, akanitazama juu ya miwani, akaniuliza, "Kabula, unaweza kunyamaza?"

"Naweza, Mzee."

"Umeshaanza vibaya. Ungetikisa kichwa tu."

Alicheka mwenyewe, akanipa fomu. Nyingine alimpa Yustina, mwenzangu wa meza ya pili, binti wa wafanyabiashara wa mpunga wa Kagongwa. Nafasi ni moja, akasema, watu ni wawili, na anayechagua si yeye. Niseme wazi nilivyoitaka kazi ile, maana siku hizi watu wakistaafu hujidai hawakuwahi kutaka kitu. Niliitaka mpaka nikawa naiota. Kulikuwa na nyumba ya mabati yenye chumba changu peke yangu. Kulikuwa na cheo. Zaidi ya vyote, nilikuwa nimechoka kuwa vidole vya watu wengine, kupiga maneno yao siku nzima na jioni nikaondoka bila neno langu hata moja. Mtu wa masjala ya siri alisoma. Aliulizwa, "Lile jalada linasemaje?" naye akajibu, na wakubwa wakamsikiliza.

Kwa wasiowahi kupekuliwa, acha nieleze, maana nilikuja kuujua mchezo huu baadaye sana, wakati haunisaidii tena. Kwanza unajaza fomu nakala nyingi, kwa mkono, kila nakala upya. Umezaliwa wapi, umekaa wapi, na nani. Nani kwenu amewahi kufungwa. Nani yuko nje ya nchi, anafanya nini huko. Unadaiwa na nani. Unatoa majina ya watu wanaokufahamu, na hao kwa kweli hawana kazi kubwa, kwa sababu kila mtu huandika rafiki zake. Wapekuzi wanachotaka ni wale usiowaandika. Mtu anatumwa shuleni ulikosoma, anatumwa unakopanga, anatumwa kijijini kwenu. Hasemi ametoka wapi wala amefuata nini. Anakuja kama mpita njia, anakaa, anauliza. Akirudi anaandika, na alichokiandika kinakwenda juu kwa watu usiowajua, ambao hawatakuita ujieleze. Ukipita, unaitwa. Usipopita, huitwi. Hakuna mtu anayekuja kukuambia hapana, kwa hiyo hakuna mtu wa kugombana naye, na mimi kwa tabia yangu nahitaji mtu wa kugombana naye.

Siku niliyorudisha fomu, Mzee Simbeye aliinua kidole chake chenye lakiri. "Kuanzia leo uko kwenye upekuzi. Usimwambie mtu. Si rafiki, si mwenye nyumba wako, si watu wa kwenu. Wakijua wanaulizwa kwa ajili gani, majibu yao hayana kazi." Niliitikia kwa kichwa, na alifurahi kuona nimejifunza. Nami nilishika neno lile kama nilivyoshika amri za katekisimu. Sikukuu ya Pasaka nilikwenda kwa shangazi Minza, aliyenilea, ambaye jina lake nilikuwa nimeliandika kwenye kila nakala mahali palipoandikwa mlezi. Nilikaa naye siku tatu, tukala matobolwa ya viazi na karanga, akaniuliza kazini kunasemaje, nikamwambia kazini kuzuri. Hilo tu. Aliniangalia kidogo, kwa sababu kwa kawaida nikifika nyumbani nasema mpaka moto unazimika.

Miezi ikapita. Nilipanga chumba Ngokolo kwa Mama Zaituni, mjane aliyepika kwa ajili ya wapangaji wake wote, na tulikula pamoja sebuleni kwenye sinia moja. Nilikuwa nimeanza kumshuku kila mtu. Aliyeuliza saa ngapi nilimwona mpekuzi. Muuza mkaa aliyebadilisha njia nilimwona mpekuzi. Sikupokea barua, sikucheka kwa sauti, sikwenda dansini, na nikawa nakula wali na dagaa kimya mpaka Mama Zaituni akaniuliza kama mdomo nimeuazima. Jioni moja akasema, huku anachambua dagaa vichwa, "Leo kulikuja mtu. Eti anatafuta chumba. Mtu anayetafuta chumba anauliza bei, huyu anauliza wewe unarudi saa ngapi na unapokea wageni gani."

"Ulimwambia nini, Mama?"

"Ukweli. Kwamba umelala humu zaidi ya mwaka na mpaka leo sijui kama una baba. Nilimwambia huyo ukimuuliza kama anaumwa, anakujibu kesho yake."

Nilimega tonge langu nikatazama chini ili asione uso wangu. Ndani nilikuwa naruka. Nikajiona tayari Nyarugusu, funguo shingoni.

Pamba ikavunwa, malori yakapita mjini yakimwaga nyuzi nyeupe barabarani, malori yakaisha. Hakuna neno. Kisha asubuhi moja, nikiwa nimebeba karatasi kwenda kwenye mlango wa mbao, mkono uliotoka kuzipokea ulikuwa na bangili. Nilimjua Yustina kwa bangili kabla sijauona uso. Alikuwa anafundishwa kazi kabla ya kupelekwa Nyarugusu. Hakusema kitu, na sikumlaumu kwa hilo, ndiyo kazi ilivyotaka. Nilimsubiri Mzee Simbeye nje, chini ya paa la maegesho, mpaka alipotoka kwenda nyumbani kula.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Mzee, nimekosea wapi?"

"Hakuna aliyesema umekosea."

"Basi nimepita?"

"Hakuna aliyesema umepita."

"Kwa hiyo nisubiri?"

"Hakuna aliyekukataza kusubiri, Kabula."

Akapanda baiskeli yake akaenda. Namwona mpaka leo, mgongo wake mfupi ukipungua kwenye vumbi, na mimi nimesimama na maswali mengine kumi yasiyo na mwenyewe. Ningetukanwa ningefurahi. Ningeambiwa mimi ni mwizi ningepata pa kuanzia.

Kilichonimaliza kabisa nilikisikia kupitia ukuta. Chumba chetu cha chapa na chumba cha chai vilitenganishwa na mbao nyembamba tu, na siku za mwisho kabla hajaondoka Yustina alikuwa akinywa chai na msichana wa mapokezi, anacheka. "Aa, mimi nilimwambia mama mapema," alisema. "Nilimwambia, mama, atakuja mwanaume ana viatu vizuri, ataniulizia. Usimshangae, na usimpe hadithi. Sema tu huyu mtoto ni mkimya, hana marafiki, hasemi. Mama akawaambia na majirani. Kagongwa nzima walisema mimi ni bubu!" Msichana wa mapokezi alicheka mpaka akapaliwa. Mimi upande wa pili nilikuwa nimeacha kupiga chapa. Kwa hiyo aliyekatazwa kusema akasema ndiye aliyepewa siri kuzitunza. Niliirudia sentensi hiyo kichwani, kila namna, na kila namna ilikuwa ya kweli na ya kuudhi.

Landrova ilimchukua Yustina na masanduku mawili. Mwezi wa Desemba nikaomba likizo, na nilipokwenda kuchukua kibali Mzee Simbeye alikuwa amesimama pale mapokezi. Nadhani alinionea huruma, kwa kadiri mtu wa masjala ya siri anavyoweza. Alisubiri watu watoke, akasema bila kunitazama, "Kule kwenu wanakupenda sana. Siku nyingine waambie wakupende kidogo." Halafu akaondoka haraka kama mtu aliyeangusha kitu.

Kijiji chetu kilikuwa kijiji kipya wakati ule. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye mashamba yao wakapangwa kwenye mistari, nyumba inatazama nyumba, na hakuna mgeni aliyeweza kuingia bila kuonwa na wote. Nilipofika kwa shangazi niliona ua umefagiliwa kama wa sherehe. Kulikuwa na kigoda kipya. Kwenye mti alifungwa beberu mmoja mnene, manyoya yanang'aa, ambaye shangazi alikuwa akimlisha mikononi.

"Mwangaluka, shangazi. Mbona huyu amenenepa hivi?"

"Si ndiye wa watu wako," akasema. "Mbona hawarudi?"

"Watu gani?"

"Usinifiche, mayu. Mimi nimekulea." Akaketi, akanikalisha. "Alikuja mwanaume. Balozi wa nyumba kumi ndiye aliyemleta. Viatu vyeusi, vimepigwa rangi, na vumbi lote hili! Nikampa kigoda, nikampa maziwa. Akaanza kuuliza. Ukoo wenu una ugonjwa gani? Kuna mtu aliyefungwa? Binti ana madeni? Anatembea na nani? Anakunywa pombe? Sasa hayo si ya mshenga ni ya nani? Nikamuuliza ametumwa na nani, akatabasamu tu. Nikasema sawa, huyu anajua kazi. Mshenga mwenye akili siku ya kwanza hasemi ametumwa na nani."

Kwetu, kabla mtu hajaleta neno la posa, hutangulia mtu wa kuchunguza. Anakaa, anakunywa alichopewa, anauliza ukoo, magonjwa, tabia. Kila mzazi mwenye binti amejiandaa kwa mtu huyo tangu binti hajavunja ungo. Serikali ilikuwa imemtuma mtu wake kwa shangazi yangu na maswali yaleyale, kwa mwendo uleule, na tabasamu lilelile.

"Kuhusu mimi, ulimwambiaje?"

Shangazi alijinyoosha mgongo. Alikuwa ameyahifadhi maneno yake, na aliyasema kwa fahari. "Nilimwambia, huyu wetu si wale wanawake wa kunyamaza. Kilichoko moyoni kiko mdomoni. Akirudi kutoka mjini anatusimulia mpaka bosi wake amekula nini. Kukaa na siri hawezi, hata umfunge kamba. Nikamwita Mama Masanja, naye akasema hivyohivyo. Balozi naye akaapa. Yule mtu aliandika, mayu! Nilimwona anaandika, nikajua ng'ombe wanakuja."

Siwezi kumlaumu, na huko kushindwa kumlaumu ndiko kunakonichosha. Watu wa sasa huenda hawajui mwanamke mkimya alikuwa nani kwetu miaka ile. Akiwa mjane ilikuwa hatari zaidi, na akiwa na macho mekundu hatari ilizidi. Shangazi alikuwa mjane, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa samadi aliyopikia maisha yake yote. Kuna mwanamke wa mstari wa tatu kutoka kwetu aliyefukuzwa akaondoka na kijukuu chake na kibuyu kimoja, na kosa lake kubwa lililotajwa lilikuwa hilo, kwamba haongei na watu, nani ajuaye anawaza nini. Kwa hiyo shangazi alipotaka kunisifu kwa mgeni alichukua sifa kubwa kuliko zote alizokuwa nazo ndani ya nyumba ile, akaifuta vumbi, akaiweka mbele yake. Aliiambia serikali kwamba mimi si mchawi. Serikali ikaandika kwamba mimi ni mropokaji.

Na Pasaka ile nilikuwa nimekaa palepale, kwenye ua uleule, siku tatu. Neno moja tu lingetosha. Shangazi, atakuja mtu, mwambie mimi ni mkimya. Lakini nilikuwa nimeambiwa nisiseme, nami sikusema. Kama ningekuwa kweli mwanamke yule aliyesifiwa, wa kila kitu mdomoni, kazi ningeipata. Nilinyimwa kazi ya kutunza siri kwa sababu nilitunza siri, na hakuna dirisha hata moja katika serikali nzima ambako ningeweza kwenda kusema hivyo.

"Mbona umenyamaza?" shangazi akauliza. "Nilikosea?"

Macho yake mekundu yalikuwa yananitazama. Nilikuwa na hasira ya kuweza kuvunja kile kigoda kipya. Nikasema, "Hapana, shangazi. Ulisema vizuri sana. Wabeja, asante."

"Basi tuwasubiri."

"Tumchinje tu huyu beberu, shangazi, tule Krismasi."

"Ala! Watu wa mbali huchelewa," akasema, akaenda kumwongezea majani. Beberu yule hakuchinjwa. Alizeeka akisubiri wakwe zangu, akawa mkali kwa watoto, akafa kwa kifo chake. Mume niliyeolewa naye baadaye alikuja kujileta mwenyewe bila mtu wa kumtangulia, na shangazi alimvumilia tu.

Nilikutana na Yustina miaka mingi baadaye, wote tukiwa na mvi, kwenye foleni ya pensheni. Tuliongea vizuri. Nilimuuliza, maana sasa hakuna wa kutukataza, yale majalada ya Nyarugusu yalikuwa na nini. Alicheka mpaka akashika ukuta. Ramani, akasema. Ramani za mahali penye dhahabu, zilizotiwa muhuri wa siri mara mbili. Kila zilipofika, wachimbaji walikuwa wamekwisha kufungua maduara yao palepale, na mama muuza uji alijua kila shimo limefika wapi. "Nilikaa miaka minne nalinda kile ambacho kijiji kizima kinakijua," alisema. "Na upweke, dada! Hakuna mtu wa kuongea naye." Nilimwambia pole, na nilimaanisha, lakini niliporudi nyumbani nilikuwa nimekasirika upya.

Haya yote niliyawaza nimesimama jikoni jioni ya mazishi mpaka Mama Masanja akanifuata, akijikongoja na fimbo yake, akakaa kwenye kile kigoda, ambacho si kipya tena.

"Umejificha," akasema. "Usimlilie sana. Alikufa anakusifu, unajua? Hata wiki iliyopita, sauti imekwisha, bado anasema: Kabula wangu hajawahi kunificha kitu hata kimoja. Kila kilicho moyoni mwake nimekisikia."

Nilifungua mdomo. Karibu miaka hamsini ilikuwa pale nyuma ya meno, na mbele yangu alikaa shahidi wa mwisho, ambaye naye aliitwa siku ile akasema hivyohivyo. Hakuna mtu tena wa kuumia. Mzee Simbeye alishakufa, ofisi imekuwa ghala la mbolea, na shangazi ndiye huyo tumemfukia mchana.

"Ni kweli, Mama Masanja," nikasema. "Sikuwahi kumficha kitu." Nikachukua mwiko nikakoroga maharage.